"Siko na mutu": deni letu kwa mtoto asiye na wa kumsimamia

Kila mtu kwetu anajua methali hii: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaisema haraka, mara nyingi kwa hasira, tukiona maibobo wanapigana katika soko la Kadutu ao kijana analala chini ya meza za wauza mboga. Lakini kiisha kuisema hatujiulizi: huo ulimwengu ni nani? Ulimwengu hauna mikono. Kama mama amekufa, ao vita imemtenga na watoto wake, atakayemfunza mtoto ni mtu mwenye jina na mlango: mwalimu, fundi, jirani, mjomba. Ulimwengu ni sisi. Basi, ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tunapenda kuuliza swali moja tu: mtoto asiye na mtu, tuko na deni gani kwake? Tukimpa chombo cha kazi, tumemaliza?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2011, katika shule moja ya sekondari tuliyofundisha hapa Bukavu, tulikuwa na kijana katika mwaka wa pili. Alikuwa ametoka katika kundi moja la silaha, na wenzake walimwita Kadogo, jina ambalo lilibaki midomoni mwa watu tangu vita ya 1996. Alikuwa mpole, na hesabu aliziweza. Siku moja ililetwa liste ya wale ambao hawajalipa. Sisi ndio tulisoma majina. Kijana akainuka, akachukua daftari yake moja, akasema polepole: "Mwalimu, miye siko na mutu." Akatoka. Hakurudi tena.

Tulijitetea ndani ya moyo. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio walianza kutulipa prime. Ile franga iliyomfukuza mtoto ndiyo iliyonunua unga nyumbani kwetu. Hatufichi jambo hili, maana ni aibu ya walimu wengi. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tulingoja mpaka 2019 ndipo gratuité ilianza kutekelezwa, tena kwa shule ya msingi. Sekondari mzazi aliendelea kulipa. Lakini angalieni neno la yule kijana. Hakusema "siko na franga". Alisema "siko na mutu". Tulikawia sana kuelewa tofauti.

Miaka miwili nyuma yake tulimkuta anabeba mizigo kwenye parking. Tukaongea. Alikuwa amepata musaada: miezi sita ya kufundishwa useremala, na mwisho wake sanduku la vyombo. Aliliuza. Tukamkaripia kama walimu wanavyojua kukaripia: "Ulipewa, ukauza!" Akatujibu bila hasira: "Mwalimu, nilipewa sanduku. Sikupewa fasi ya kuliweka. Nilikuwa nalala inje, ningeibiwa. Na mafundi walinikatalia mulango."

Tulienda kumuona fundi mmoja kati ya wale waliomkatalia. Tulifikiri tutakuta mtu mbaya. Tukakuta baba wa familia, mwenye akili. Alisema: "Mwalimu, mwanafunzi akiharibu mbao ya kliya, miye ninaenda kwa baba yake. Akichelewa, ninamwambia mama yake. Huyu akifanya kosa, nitapiga hodi kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Yule fundi hakuogopa kosa, sababu kila mwanafunzi anakosea. Aliogopa kubaki peke yake na kosa.

Hapo ndipo tulikumbuka mambo ya wakubwa wetu. Kati ya Bashi kulikuwa na desturi ya bugabire. Mtu asiye na mali alipewa ng'ombe na mwenye navyo. Alimchunga, akakunywa maziwa, akapata mbolea kwa shamba lake, na sehemu ya uzao ilirudi kwa aliyempa. Ng'ombe hakuja peke yake: alikuja na mtu. Anayepewa aliweza kusema, "Miye niko wa fulani", na kila mtu alijua ataenda kuongea wapi kama kuna shida. Kwa Balega vilevile, katika Bwami, hata mtu mzima mwenye heshima hakupanda ngazi peke yake. Alihitaji ndugu wa kumsaidia kukusanya vitu, na wakubwa wa kumtangulia. Serikali ya wakoloni ilikataza Bwami mwaka 1948, lakini fundisho lile hawakuweza kulikataza. Kama mtu mzima anahitaji wa kumtangulia, je, mtoto wa miaka kumi na tano?

Lakini tusiwadanganye vijana kwamba ya zamani yote ilikuwa asali. Bugabire ilikuwa pia kamba. Aliyepewa ng'ombe aliitwa wakati wowote kufanya kazi ya mkubwa wake, na kusema hapana kulikuwa kugumu. Kamba hiyo tungali nayo mpaka leo. Ni mara ngapi tunasikia, "Nilimchukua mtoto wa marehemu ndugu yangu nimsomeshe", kumbe mtoto anateka maji tangu asubuhi, watoto wa nyumba wanaenda shule, yeye ni boyi bila mshahara? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtumikisha mtoto hivyo. Kwa hiyo kutoka kwa mababu tuchukue kule kusimama nyuma ya mtu, ile kamba tuiache. Tena siku ya kufunguliwa ijulikane tangu mwanzo: ukimaliza kujifunza, uko huru, na kazi ya mikono yako ni yako.

Wengine watasema: "Hiyo ni kazi ya serikali na mashirika." Ni kweli, wako na sehemu yao, na hatutaki kuwapunguzia. Sheria pia iko na sehemu yake. Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimtia Thomas Lubanga hatiani kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani katika Ituri, 2002 na 2003. Ilikuwa haki. Lakini hakuna korti itakayomwita mwalimu, fundi ao mjomba aliyemfungia mtoto mlango alipotoka kule porini. Pale sheria inaponyamaza, dhamiri na desturi ndizo zinapashwa kusema.

Kwa yule kijana, tulirudi kwa fundi, tukamwambia: "Ukipata shida naye, piga hodi kwetu." Akakubali. Mwezi wa tatu msumeno ulipotea. Fundi alikuja nyumbani jioni, tukakaa, tukaongea, tukaulipa kidogo kidogo. Mpaka leo hatujui nani aliuchukua. Lakini tunajua hili: kama hakungekuwa na mlango wa kupiga hodi, kijana angefukuzwa siku ileile. Alibaki. Leo anatengeneza milango na madirisha, na kunako 2019 alikuja kutuambia kwamba amepokea mwanafunzi wake wa kwanza, yatima. Haikuwa hivyo kwa wote. Msichana mmoja tuliyemsimamia kwa fundi wa kushona aliondoka bila kuaga, na hatujamuona tena. Ukisimama nyuma ya mtu, unaweza kuaibika. Kama hakungekuwa na hatari ya aibu, hakungekuwa na deni pia.

Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi zimetawanyika tena. Hatuna mali ya kuwapa watoto wote sanduku la vyombo. Lakini katika mutuelle zetu, katika kilimba cha mama zetu, katika parokia na kwenye avenyu, kila mkubwa ana jina linaloheshimiwa mahali fulani. Amkopeshe mtoto mmoja jina hilo. Amsindikize kwa fundi siku ya kwanza kama mzazi anavyofanya, apite kila mwezi kuuliza habari, na akiitwa juu ya kosa, aende.

Na sisi walimu, siku liste inapoletwa darasani, tuulize kwanza: huyu hana franga, ao hana mtu? Wa kwanza, mzazi wake atakuja kuongea. Wa pili, hakuna atakayekuja. Huyo ndiye anatungoja sisi.