Anayekula Tofauti Nyumbani Mwetu

Katika Bonde la Kilombero chakula ni wali. Tunaweza kubishana juu ya mbegu, juu ya bei ya gunia na juu ya mvua zilizochelewa, lakini jioni ikifika, sufuria inayoepuliwa Ifakara, Mang'ula, Mlimba au Malinyi ni ya wali. Pembeni yake pana samaki wa mtoni, maharage, au mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga. Tunanawa, tunasali, tunakaa mkekani na kula kutoka sinia moja. Hakuna aliyetufundisha jambo hili darasani. Kwa sinia hilo tulijua tangu utoto kwamba sisi ni wa nyumba moja.

Ndiyo sababu tunahangaika pale mmoja wetu anaporudi kutoka hospitali na orodha ya vyakula asivyotakiwa kugusa. Labda ni mtoto mwenye ngozi inayowasha na kupasuka, dawa ya kupaka ikiisha na upele unarudi. Labda ni mama ambaye tumbo limemsumbua miezi mingi. Daktari anashuku chakula, ila hajui ni kipi. Basi anaagiza kwamba kwa majuma machache viondolewe vile vinavyoshukiwa: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, ngano, samaki. Dalili zikitulia, virudishwe kimoja kimoja, kwa siku kadhaa kila kimoja, na kila kinachotokea kiandikwe. Dalili zisipotulia, chanzo kitafutwe kwingine.

Ni agizo fupi, lakini kulishika katikati ya familia ni kazi. Kwetu kukataa chakula ni kusema neno. Mgeni asiyeonja huhesabiwa kuwa na dharau. Mkwe anayesukuma bakuli pembeni huacha maswali nyuma yake. Wapo hata watakaonong'ona kwamba anamwogopa mwenyeji, kana kwamba ndani ya chungu kumetiwa kitu kibaya. Na kama ni miezi ya masika, ghala likiwa karibu tupu na mavuno bado, kuomba sufuria ya pili huonekana kama kuringa. Mkaa nao una bei.

Tujiulize basi: je, anayekula tofauti anavunja umoja wa nyumba? Na je, nyumba inadaiwa nini kwake?

Tutenganishe kwanza mambo matatu ambayo huchanganywa. Kuna mwiko. Mwiko hurithiwa, ukoo fulani hauli mnyama fulani, na mtoto hufuata bila kuuliza, maisha yake yote. Kuna mfungo. Katika mfungo tunaacha kitu chema kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya maskini. Sheria ya Kanisa inadai mfungo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye umri wa miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Mlo alioagiza daktari ni jambo la tatu. Si mwiko, kwa kuwa una mwanzo na mwisho. Si mfungo, kwa kuwa thamani yake haimo katika kujinyima. Ni swali tunaloulizia mwili, na swali linataka jibu la kweli.

Maandiko yanatupa mfano. Katika kitabu cha Danieli, vijana wanne wa Yuda walioko Babeli wanaomba wasilishwe chakula cha mfalme. Sababu yao ni ya imani, tofauti na ya mgonjwa wetu. Lakini tutazame namna Danieli alivyoomba. Mkuu wa watumishi aliogopa: vijana wakikonda, kichwa chake ndicho kitakachokatwa. Danieli hakumdharau kwa woga ule, wala hakudai kula mboga siku zote bila kujali. Alimwomba msimamizi awajaribu siku 10, kisha atazame nyuso zao na aamue kwa alichokiona. Aliweka muda, akaweka kipimo, akakubali kuhukumiwa na matokeo. Nyumba nyingi zingetulia kama mgonjwa angeomba hivyo: si kwamba sitakula tena vya kwenu, bali nipeni majuma haya, kisha tutazame pamoja.

Kama mlo huu ni swali, dhambi inayounyemelea ni uongo kuliko ulafi. Tunayajua majaribu yake. Bibi anamwona mjukuu anakula wali na mchicha mkavu, moyo unamuuma, anatia karanga kidogo zilizosagwa na kunyamaza. Amefanya hivyo kwa upendo. Lakini upele ukirudi, wazazi watadhani mchele ndio mkosaji, au mchicha, na mtoto ataondolewa chakula kingine ambacho hakikuwa na kosa. Upendo uliojificha umemtoza mtoto gharama. Tena kwa mtu ambaye karanga humvimbisha midomo na kumbana pumzi, kidogo hicho kinaweza kuua. Upendo unaomficha mgonjwa ukweli wa sahani yake haujafika bado kuwa upendo kamili.

Mgonjwa naye ana jaribu lake. Kwenye sherehe ya kipaimara anakula andazi, na jioni anasema hakula. Hapa tuwe wapole na tuwe wazi. Kula andazi si dhambi ya kumlilia padre. Ni siku zilizopotea, na zinaweza kuhesabiwa upya kesho. Kinachoharibu ni kuficha, maana anayeandika kwamba hakula, naye alikula, anamfundisha daktari uongo juu ya mwili wake mwenyewe. Tukimwaibisha kila anapoteleza, sisi ndio tunamfundisha kuficha.

Wapo ndugu wanaosema, mwenye imani asali tu na ale kila kitu. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba kimwingiacho mtu hakimtii unajisi. Ni kweli alifundisha hivyo, lakini alikuwa akisema juu ya usafi wa moyo mbele ya Mungu. Hakusema kwamba hakuna tumbo linaloumizwa na chakula. Mtume Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimpa ushauri wa kinywaji. Kusali na kufuata mlo havigombani.

Sasa nyumba inadaiwa nini? Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyoiandikia watawa wake karne ya 6, aliagiza kila meza iwe na vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja apate kula kingine. Hakumpeleka mdhaifu akale jikoni peke yake, wala hakuwalazimisha wote wale cha mdhaifu. Meza ni moja, vyungu ni viwili. Hata kwenye altare Kanisa limefikiri hivyo: kwa wasioweza ngano wameruhusiwa hostia zenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hizo anaweza kupokea Damu ya Kristo peke yake. Ushirika haukuvunjika kwa kuwa mmoja amepokea kwa namna nyingine.

Na sisi wa bonde hili tuna neema ambayo huenda hatuioni. Mchele ni kati ya vyakula ambavyo ni nadra kuwadhuru wenye mzio, na mara nyingi ndio unaoachwa kwenye sahani pale vingine vinapoondolewa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi zetu mgonjwa hahitaji kutengwa na kile tunachokiita chakula. Wali ni uleule. Kinachobadilika ni kitoweo. Mboga inaweza kugawanywa kabla karanga hazijatiwa. Asubuhi vitumbua vya mchele vinaweza kukaa mahali pa maandazi. Sinia moja, ndiyo, linaleta shida, maana vidole vilivyogusa samaki vinagusa na upande wake. Basi apewe sahani yake, ila sahani hiyo iwekwe palepale mkekani, na sala ya chakula iwe moja. Mtoto anajua tofauti kati ya kupewa sahani na kufukuzwa.

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Amri hii ina pande mbili, nasi hupenda kukumbuka upande mmoja. Wenye afya wasimcheke mgonjwa kwamba ana mambo ya Kizungu. Mgonjwa naye asigeuze orodha yake kuwa fimbo ya kuichapia nyumba nzima, kila harufu ya dagaa ikawa kosa la mtu. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama milele ili asimkwaze ndugu, lakini alijitolea mwenyewe, hakulazimishwa. Kaka anayeacha kula yai mbele ya mdogo wake kwa majuma hayo ametoa zawadi. Tukimwamrisha, tumemnyang'anya zawadi hiyo.

Limebaki jambo ambalo wengi hulisahau: kurudisha. Siku za kuondoa zikiisha, na hali ikiwa njema, ni rahisi kubaki palepale kwa hofu. Jaribio linageuka mwiko mpya. Mtoto anakua bila maziwa, bila mayai, bila samaki, wakati huenda kimoja tu ndicho kilichomdhuru, na mifupa yake ndiyo inayolipa. Kurudisha kunataka ujasiri kama kuondoa, na kunataka ushauri. Aliyewahi kuvimba au kukosa pumzi asijaribiwe nyumbani, bali mbele ya wahudumu wa afya. Wengine wote warudishe polepole, kimoja kimoja, wakishukuru kwa kila kilichorejea. Chakula kiliondolewa ili tujue ukweli, na Mungu aliyekiumba hakukiumba kiwe adui yetu.

Basi katika jumuiya zetu ndogo ndogo, zamu ya kupika inapotufikia, tuulize mapema na bila kunong'ona: nani kati yetu ana chakula asichoweza? Tuepue sehemu yake kwanza, kisha tuunge iliyobaki. Na akifika, tumsogezee mkeka.