Suala la Vidakuzi na Ridhaa

Huulizwa: mtu wa Bagamoyo akifungua tovuti katika simu yake, akabonyeza “Nakubali” asijue alichokikubali, je, ameridhia?

Jawabu: Tovuti kwa asili yake haina kumbukumbu, kila aingiaye kwake ni mgeni. Ndipo mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akabuni kidakuzi, nacho ni hati ndogo ya maandishi ambayo tovuti huiweka katika kivinjari cha mtu, nayo huonyeshwa kila arudipo. Aghalabu ndani yake mna namba tu. Habari zenyewe zimo katika daftari la mwenye tovuti. Hapo hapana ubaya, kwani hata mwenye duka humjua mnunuzi wake kwa daftari.

Lakini viko vidakuzi vya mtu wa tatu, mwenye matangazo, ambaye yumo katika tovuti nyingi, na kwa namba ile moja humfuata mtu duka hata duka. Huko ni kupeleleza, na Kurani imekukataza katika Sura ya Hujurat. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yataka taarifa zikusanywe kwa uwazi na kwa kusudi lililotajwa.

Basi ridhaa ya asiyejua si ridhaa, na lawama ni ya aliyeficha. Ama aliyekwisha kujua, akaweza kuvifuta vidakuzi hivyo asivifute, huyo ameacha mlango wake wazi kwa hiari yake.