Zilizala ya Lisbon

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ilhali makanisa ya Lisbon, Ureno, yamefurika waumini na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka, kisha bahari ikapanda, na moto ukateketeza yaliyosalia. Baadhi ya makasisi walinadi kuwa hiyo ni adhabu ya dhambi; mwanafalsafa Voltaire akatunga shairi kuwapinga wadaio kwamba kila kitu ni chema; naye mwanafalsafa mwenzake Rousseau akamjibu, mwaka 1756, kuwa si maumbile yaliyozirundika pamoja nyumba za ghorofa sita na saba. Sidhani hata hoja moja katika hizo ingalimtuliza mama aliyefiwa siku ile. Mimi namwona mbora wao waziri Carvalho, baadaye Marquês de Pombal (katili, naam, katika mambo mengine), ambaye, pasipo kungoja wanazuoni wakate shauri, alihimiza maiti wasitiriwe, wenye njaa walishwe, na bei ya chakula isipandishwe. Kisha maparokia yote ya Ureno yakapelekewa maswali: mtetemeko ulidumu muda gani, watu wangapi wamefariki, na bahari, je, ilipanda kwanza au ilikupwa?