Siku Sita na Hesabu ya Miaka

Soma Mwanzo 1:1–5; Mwanzo 2:4; Kutoka 20:8–11. Neno "siku" linatumikaje katika kila fungu?

Tukisema "siku hizi", hatuhesabu siku. Tukisema "siku ya tatu", tunahesabu. Kiebrania nacho ni vivyo hivyo. Neno yom katika Mwanzo 2:4 linabeba kipindi chote cha uumbaji, lakini katika sura ya 1 limeambatana na namba, tena na jioni na asubuhi. (Jioni hutangulia, ndiyo maana tunaipokea Sabato Ijumaa jua linapozama.) Amri ya nne nayo inalipima juma letu la kazi kwa juma la Muumba. Anayezigeuza siku hizo kuwa mamilioni ya miaka hana budi kutueleza ni pumziko la siku gani tunaloamriwa kulikumbuka.

Umri wa dunia ni swali jingine. Hakuna fungu linaloutaja. Mwaka 4004 K.K. ulikokotolewa na James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, katika kitabu chake cha mwaka 1650. Baadaye ukachapwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza, na wengi wakausoma kana kwamba ni Neno lenyewe. Ussher alijumlisha vizazi kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, Luka 3:36 inamtaja Kenani baada ya Arfaksadi, ilhali Mwanzo 11:12 haimtaji. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 230. Kiebrania kinasema 130. Konferensi Kuu, ilipokutana San Antonio mwaka 2015, ilikiri uumbaji wa siku sita, usio wa zamani sana, bila kuandika idadi ya miaka.

Jambo hili si dogo. Kijana anayesoma jiolojia chuoni akiambiwa darasani kwetu kwamba kuuliza juu ya miaka 6,000 ni kumkana Muumba, tumemtwika mzigo ambao Musa hakuuandika. Siku hesabu ile itakapoyumba mbele yake, atadhani Mwanzo 1 nayo imeyumba. Kumbukumbu la Torati 4:2 inakataza kupunguza neno, lakini inaanza kwa kukataza kuongeza.

Jadilini: Mwanafunzi wa namna hiyo akiuliza Sabato hii dunia ina miaka mingapi, darasa lenu litamjibu nini, na kwa fungu lipi?