Dhamiri na Sikio la Mpiga Gitaa

Katika vikao vya usuluhishi kanisani kuna neno linalorudiwa mara kwa mara: "Dhamiri yangu hainishtaki." Hulisema ndugu wa marehemu aliyechukua shamba la mjane. Hulisema mama mwenye nyumba ambaye msichana wake wa kazi hajalipwa kwa miezi mitatu. Na mara nyingi wasemao hivyo hawadanganyi. Kweli mioyo yao imetulia, usiku wanalala. Basi tujiulize: je, utulivu huo unatosha? Dhamiri ikinyamaza, ni ishara kwamba tuko sawa mbele za Mungu?

Jibu tunaweza kulitafuta kwa vijana wetu wanaojifunza gitaa kwa sikio. Hawana mwalimu wala karatasi ya nota. Husikiliza wimbo, kisha huutafuta kwenye nyuzi mpaka waupate. Njia hii si ya kudharauliwa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili huku akipiga gitaa kavu. Santuri zake zilipofika Afrika Mashariki, wapiga gitaa walizirudia tena na tena mpaka vidole vikafuata kile masikio yalichokipokea.

Anayejifunza hivyo kwanza hunyamaza. Huusikiliza wimbo hadi aweze kuuimba bila gitaa. Kisha hutafuta do, yaani sauti ambayo wimbo hurudi kupumzika, mara nyingi mwishoni mwa ubeti. Halafu husikiliza besi inavyotembea, kwa sababu besi ndiyo humwonyesha kodi ya kushika. Nyimbo nyingi za ibada zapigika kwa kodi tatu tu, zilizojengwa juu ya do, fa na so. Akishika isiyofaa, sikio humwambia papo hapo kwamba pamekwaruza, naye husogeza vidole na kujaribu tena. Baada ya miezi kadhaa husikia tofauti ambazo mwanzoni hakuzisikia kabisa. Wimbo haujabadilika, sikio ndilo limekua.

Dhamiri nayo ni sikio la namna hiyo. Katika Warumi sura ya 2 Mtume Paulo anafundisha kwamba hata mataifa wasio na torati wanayo, nayo huwashuhudia ndani yao. Ni kipawa cha Mungu kwa kila mtu. Lakini kama sikio, yapaswa kufundishwa, na yaweza kupotoka bila mwenyewe kujua.

Hilo la kupotoka kila mpiga gitaa analifahamu. Nyuzi sita hulinganishwa kwa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Uzi mnene wa sita ukibanwa kwenye freti ya tano hutoa sauti ya uzi wa tano. Wa tano nao humpimia wa nne, na kuendelea hivyo, isipokuwa wa tatu, ambao hubanwa kwenye freti ya nne ili kuupata wa pili. Kijana anaweza kufanya yote hayo kwa uangalifu, kila uzi ukapatana na mwenzake. Akiwa peke yake chumbani hasikii kasoro yoyote. Jumapili anapoketi kando ya kinanda ndipo inajulikana kwamba gitaa zima liko chini. Uzi alioanzia ulikuwa umelegea, na nyingine zote zimeufuata. Hata angelisikiliza gitaa lake usiku kucha, lisingemwonyesha hilo. Ilihitajika sauti kutoka nje.

Hapo ndipo tunapomwelewa yule ndugu wa marehemu. Dhamiri yake haijafa. Imelinganishwa na tamaa yake. Shamba ni la ukoo. Mjane bado kijana, ataolewa kwingine. Watoto tutawatunza sisi. Kila hoja inapatana na mwenzake, na kwa hiyo moyo umetulia. Ila uzi wa kwanza umelegea.

Mfalme Daudi alikuwa mpiga kinubi hodari, mwenye sikio jepesi. Hata hivyo, baada ya kumwua Uria na kumchukua mkewe, alikaa kimya mpaka nabii Nathani alipomjia na habari ya mwana-kondoo wa maskini. Kosa la mtu mwingine alilisikia mara moja, akawaka hasira. La kwake hakulisikia hadi alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Naye Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hajui neno lolote la kumshtaki, lakini hilo halimpi haki, kwa maana amhukumuye ni Bwana.

Je, basi, tuitupe dhamiri na kufuata tu asemalo mchungaji? Hapana. Anayehamisha vidole kwa kumwigiza jirani, bila kusikia mwenyewe, hajui kupiga gitaa. Mwaka 1521, mbele ya Kaisari huko Worms, Martin Luther alikataa kuyakana maandiko yake kwa sababu si salama kutenda kinyume cha dhamiri. Lakini alieleza pia kwamba dhamiri hiyo imefungwa na Neno la Mungu. Sisi hupenda kukumbuka lile la kwanza na kusahau hili la pili. Mchungaji naye ana nyuzi zinazolegea, na hupimwa kwa Neno lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kusema dhamiri haitushtaki, tuulize imelinganishwa na nini. Tuipeleke penye Neno, hasa kurasa zile tusizopenda kuzisoma. Tuipeleke penye ushirika wa ndugu wasiotuogopa. Zaidi ya yote tumsikilize yule anayeumia, maana mara nyingi Nathani wetu ni mjane mwenyewe, au ni msichana aliyesimama mlangoni akiomba haki yake. Katika lugha yetu mtoto mtiifu tunamwita msikivu, kwa maana kusikia kwa kweli huishia kwenye kutenda. Na wazee walituonya kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Tena tusiogope kuambiwa kwamba tuko chini. Gitaa lililolegea halitupwi jalalani. Hukazwa nyuzi, likarudi kuimba na wenzake. Mungu aliyemtuma Nathani alikuwa tayari kumsamehe Daudi. Msamaha huo ni wa bure, kwa ajili ya Kristo. Nao ukishatufikia, shamba hurudi kwa mjane, na mshahara wa miezi mitatu hulipwa wote.