Kugeuza Sumaku ili Kujua

Swali la iwapo binadamu anaweza kudai kukijua kitu ambacho hisi zake hazikifikii ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitolea mfano ambao haujapoteza nguvu katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, alipoeleza kwamba jicho huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu ilhali hoja za jiometri huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Akili hulisahihisha jicho; lakini Ghazali aliendelea kuuliza ni kitu gani basi kitakachoisahihisha akili yenyewe, na ni katika swali hilo la pili ambapo vihisio vya utando wa metali vina jambo la kuchangia.

Kihisio cha aina hiyo huundwa kwa kukipaka kioo utando wa dhahabu wenye unene wa nanomita 50 hivi, yaani sehemu kama moja ya elfu ya unene wa unywele. Katika mpangilio ulioelezwa na Erwin Kretschmann na Heinz Raether mwaka 1968, mwanga hupitia ndani ya prizimu ya kioo na kuufikia utando huo kwa nyuma, na katika pembe moja mahususi nishati yake huchukuliwa na elektroni huru za dhahabu, ambazo hutikisika kwa pamoja na kufanya wimbi linalotambaa usoni mwa metali, liitwalo plasmoni ya uso. Katika pembe hiyo mwanga unaorudi karibu hutoweka. Na kwa kuwa wimbi hilo hupenya ndani ya maji yaliyo upande wa pili kwa kina cha nanomita mia mbili hivi tu, molekuli zinaponata juu ya dhahabu pembe hiyo husogea kidogo. Mpimaji haoni molekuli yoyote. Anachokiona ni kwamba giza limehama, na taa ikififia au chombo kikiyumba anaweza kudanganyika.

Hapo ndipo sumaku inapohitajika. Septemba 13, 1845, Michael Faraday, muumini wa kanisa dogo la Wasandemani jijini London, alipitisha mwanga katika kioo kizito chenye risasi na kuona kwamba sumaku iliugeuza mwelekeo wa mtetemo wake. Miaka 31 baadaye John Kerr, aliyesomea theolojia na kufundisha hisabati katika chuo cha ualimu cha Kanisa Huru mjini Glasgow, alionyesha athari ya jamii hiyo katika mwanga unaorudishwa na uso wa sumaku uliosuguliwa hadi kung'aa. Haifai kudai kwamba imani ndiyo iliyozaa ugunduzi huo, ingawa Faraday aliandika wazi kuwa alikuwa ameshikilia kwa muda mrefu kwamba nguvu za maumbile zina asili moja, na ni vigumu kutoheshimu uvumilivu uliotokana na msimamo huo.

Dhahabu huitikia sumaku kwa kiasi hafifu mno, na kobalti, ambayo huiitikia sana, humeza mwanga na kulififisha wimbi mapema. Kwa hiyo watafiti hulaza tabaka jembamba la kobalti kati ya matabaka ya dhahabu, kisha huelekeza uga wa sumaku sambamba na utando, ukikata njia ya mwanga, na kuugeuza huku na huku mara nyingi kwa sekunde. Kila ugeuzi huibadilisha kidogo kasi ya plasmoni, na kinachosomwa ni tofauti kati ya hali hizo mbili, ambayo hubadilika kwa ukali sana karibu na pembe ya giza. Kikundi cha watafiti wa Hispania kilionyesha mwaka 2006 kwamba njia hii hugundua molekuli za viumbe kwa unyeti mkubwa kuliko kihisio cha kawaida.

Mwanafalsafa wa Kanada, Ian Hacking, alishikilia katika kitabu chake cha 1983 kwamba uhalisi wa visivyoonekana huthibitishwa zaidi kwa kuviingilia kuliko kwa kuvielezea, na kugeuza sumaku ni kuingilia kwa maana kamili: kinachofuata mkono wa mpimaji kimetoka katika utando, na kisichoufuata hutupwa. Hilo ni jibu la kweli kwa shaka ya Ghazali, lakini ni jibu la nusu. Maji yakipata joto, wimbi hubadilika vilevile na sumaku haiwezi kulitenga joto hilo na molekuli. Na hata molekuli ikinata kweli, jina lake halitoki katika mwanga bali katika kingamwili zilizopakwa juu ya dhahabu ili zishike aina moja tu, ambazo mara nyingine hushika na nyingine. Sumaku inathibitisha kwamba jambo limetokea usoni mwa metali, ilhali kujua ni nini kilichotokea kunabaki kuwa suala la kuiamini kazi ya aliyeziandaa kingamwili hizo na kuzijaribu dhidi ya vitu vingine.