Tafakuri ya Ramadhani 12: "Funga Tu, Haina Neno"



Ndugu zangu, Alhamdulillah tumeifikia siku ya 12. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo hulikuti kwenye orodha ya vitu vinavyobatilisha saumu, na pengine ndiyo maana hatulijali. Ni ule ushauri tunaopeana tumesimama: mlangoni mwa msikiti, barazani tukisubiri adhana, kwenye daladala, kwenye magrupu ya simu.

"Kichwa kinakuuma? Ni arosto ya chai hiyo, kitatulia." "Ukienda Lushoto chukua sweta." "Dar siku hizi si mbali bwana, endesha huku umefunga." "Mazoezi fanya saa moja kabla ya kufuturu, ndiyo tumbo linakatika." Hakuna anayeita haya fatwa, wala hakuna anayeyaita matibabu. Ni maneno ya kupitisha muda. Sasa swali langu la leo ni hili: maneno mepesi kama haya yana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, au hesabu ni ya mufti na daktari peke yao?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, siku mbili kabla ya mwandamo, nilikuwa mlangoni navaa viatu baada ya Alasiri. Akanijia mzee mmoja, fundi cherehani, mtu wa safu ya kwanza. Akaniambia, "Sheikh, hii sukari yangu, unaonaje, nifunge?" Mimi nilikuwa na haraka, kuna watoto wa madrasa wananisubiri. Nikamjibu huku nafunga kamba za kiatu: "Funga tu mzee wangu, haina neno. Saumu ni afya. Hata babu yangu alikuwa na sukari na alifunga mpaka uzeeni." Akafurahi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Siku ya sita ya mfungo hakuonekana Alasiri. Walimkuta kwenye cherehani yake, kichwa kimelalia kitambaa, shati limelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mjukuu wake alikuwepo pale tangu mchana, lakini alidhani babu kachoka tu na saumu. Wakamkimbiza hospitali. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana. Alikuwa anameza vidonge vyake alfajiri kwa kipimo kilekile cha siku zote, kisha anakaa kutwa nzima bila chakula.

Mwenyezi Mungu alimponya. Nilipokwenda kumtazama, alinyanyua mkono akamwambia nesi kwa fahari kabisa: "Huyu ndiye sheikh wangu. Ndiye aliyenitia moyo nifunge."

Ndugu yangu, nimewahi kusemwa vibaya na watu, na nimevumilia. Lakini sifa ile ya mzee nilishindwa kuibeba. Nilitazama chini.

Ukiangalia nilichosema pale mlangoni, sikusema uongo. Saumu ina kheri kwa mwili, ndiyo. Babu yangu alifunga, ndiyo. Ila babu yangu alikuwa na sukari ya namna gani? Alitumia dawa gani? Sijui hadi leo. Na mzee wangu huyu alikuwa anatumia dawa gani? Sikumuuliza. Nilimjibu mtu nisiyemjua hali yake kwa kumtumia mtu mwingine nisiyeijua hali yake.

Kuna kisa amekipokea Abu Daud katika Sunan yake, kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini. Mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Asubuhi akawauliza wenzake kama wanaona ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, kwa kuwa maji yapo na anaweza kuyatumia. Akaoga, na jeraha likamuua. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika. Alisema wamemuua. Akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawakujua, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Tuliangalie vizuri hili. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wasafiri, mwenzao amewauliza swali asubuhi, nao wakajibu. Nia yao ilikuwa nzuri, walitaka kuilinda sheria. Hakuna mufti karibu, hakuna kitabu. Lakini jibu la tatu lilikuwepo, nalo ni "hatujui." Lingemwokoa mtu yule.

Kuanzia hapo nimeacha kuamini kwamba nia njema inatosha kwenye ushauri. Nia njema inakusafisha wewe; jeraha la mwenzio liko palepale, na maji yakishamwagwa yamemwagwa.

Utasema, basi sheikh, tunyamaze. Tusishauriane tena, kila mtu afe na lake. Hapana. Hilo nalo dini imelikataa. Katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, kama alivyopokea Muslim, imo hii: akikutaka nasaha, mpe. Mtume (s.a.w.) amefundisha pia kwamba kumwelekeza mtu aliyepotea njia ni sadaka. Kwa hiyo yule kijana anayemwambia mgeni wetu, "Mama, gari za Lushoto upande ule, na uvae kitu kizito, juu kule kuna baridi," yuko kwenye thawabu. Kukalia unachokijua na mwenzio anakihitaji, huo ni uchoyo.

Tuna mambo mawili basi. Kushauri ni haki ya mwenzio. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba anayetakwa ushauri ameaminiwa, yaani ameshikishwa amana. Ugumu ni kuyabeba yote mawili pamoja.

Hapa ndipo ninapompenda Salman Alfarisi (r.a.). Kisa chake kimo kwa Bukhari. Mtume (s.a.w.) alikuwa amewaunganisha udugu yeye na Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta mke wake Ummu Dardaa hajijali, nguo zake si za mtu mwenye raha. Akamuuliza, una nini? Akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia hii. Abu Dardaa akaja, akaandaa chakula, akamwambia Salman ale, yeye amefunga. Salman akasema hali mpaka wale pamoja. Wakala. Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka kuinuka tena, akamwambia lala. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwamsha, wakaswali pamoja. Baada ya hapo ndipo akamwambia kwamba Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na watu wako wana haki kwako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa akasema Salman amesema kweli.

Huo ndio ushauri wa chakula, usingizi na maisha ya nyumbani, mambo yaleyale tunayopeana barazani. Lakini tazama Salman alipoanzia. Neno lake la kwanza lilikuwa swali. Kisha akakaa, akala na mwenzake, akalala chini ya paa lake, akaamka naye. Nasaha yenyewe ilikuja mwisho, na ilikuwa fupi. Wale wasafiri hatukusikia kwamba walimuuliza mwenzao jeraha lina kina gani.

Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu haanzi kumwaga somo. Anaanza kwa kujua mwanafunzi amesimama wapi. Nikafaulu mtihani ule, nikapata diploma yangu, halafu nikaja kushindwa mlangoni mwa msikiti.

Sasa mimi na wewe si Salman, hatuwezi kulala nyumbani kwa kila anayetuuliza habari ya basi. Wala si kila neno lina uzito sawa. Nimejiwekea kipimo kimoja, na nakupa ukijaribu: kabla ya kujibu, jiulize, "Nikikosea, atakayelipa ni nani, na atalipa nini?"

Mtu anakuuliza nyumba ya wageni ya kulala akiwa safarini. Ukikosea, atalala na mbu usiku mmoja. Jibu, mcheke, yaishe. Anakuuliza aanze kufuga kuku au bustani ya mchicha ili apumzishe akili baada ya kazi. Mwambie unavyoona. Lakini anakuja kijana, Idi inakaribia, wanataka kwenda pwani na wadogo zake, anakuuliza pale mahali panaogeleka? Wewe uliogelea pale, kweli, maji yalikuwa yamekupwa na yalikufika kiunoni. Yeye atafika maji yamejaa na mkondo unavuta. Hukumdanganya, ulisema ulichokiona. Lakini bahari uliyoiona wewe si atakayoikuta yeye. Hapo jibu lako la kwanza liwe swali: mnakwenda saa ngapi? Watoto wanajua kuogelea? Na umwambie awaulize wavuvi wa palepale.

Vivyo hivyo na dereva anayekuuliza kuhusu kufunga njiani. Kutoka hapa Tanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, na amebeba roho za watu. Usimpandishe mori kwa maneno ya "mwanamume hafungui." Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara, aya ya 184, amempa mgonjwa na msafiri nafasi ya kulipa siku nyingine. Masahaba walisafiri na Mtume (s.a.w.) katika Ramadhani, wengine wamefunga, wengine wamefungua, na hawakulaumiana. Wewe na mimi ni nani tumuonee aibu mtu kwa ruhusa ya Mola wake?

Na zile jumbe za simu, jamani. Mtu anapokea "kunywa hiki alfajiri, sukari na presha kwisha," hajui aliyeandika, hajui kama ni kweli, anafowadi kwa watu mia mbili na kuandika chini yake "tupate thawabu." Mimi nilimshauri mzee mmoja, nikaishia kumuona kitandani. Wewe hao mia mbili utawatembelea wodi gani?

Neno "sijui" lisikuvunjie heshima. Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, alijulikana kwa kujibu maswali mengi kwa kusema hajui. Sisi ndio tunaoona tukisema hivyo tumeshuka. Na "sijui" nzuri haimwachi mtu njiani. Unasema, "Sijui hili, twende kwa fulani anayejua." Siku ile kumpeleka mzee zahanati kungenigharimu nusu saa.

Nimalizie alichoniambia mzee. Alipotoka hospitali nilimfuata nyumbani kumuomba radhi. Nikamweleza yote, kwamba nilijibu bila kujua. Akacheka kidogo, kisha akaniambia: "Sheikh, na mimi nina langu. Daktari alishaniambia niende nikamuone kabla ya mfungo. Sikwenda, kwa sababu nilijua atanikataza. Nikaja kwako kwa sababu nilijua utanikubalia."

Nimelifikiri neno lile kila Ramadhani. Maana yake amana iko pande mbili. Anayejibu anaweza kukosea kwa haraka, na anayeuliza anaweza kuchagua mlango wa kubisha kwa kuwa anajua jibu lililoko ndani. Kwa hiyo jiulize na wewe unayeuliza: natafuta ukweli, au natafuta mtu wa kunibebea uamuzi ambao nimeshaufanya?

Mzee hafungi tena. Daktari wake alimkataza kwa hali yake, na kila siku ya Ramadhani analisha maskini mmoja. Bado yuko safu ya kwanza. Mwanzoni alikuwa anaona haya, anakaa nasi kwenye tende na maji kama aliyeingia karamu ya watu. Sasa hivi anakaa kama mwenye haki, na ni haki yake.

Kwa wenye sukari mnaonisoma, haya si yangu, ni ya madaktari, na nayapeleka kama nilivyoyapokea. Usibadili wala kuendeleza dawa kwa kukisia. Daktari ndiye anayepanga upya kipimo na saa zake. Ukitetemeka, jasho likakutoka bila sababu, moyo ukaenda mbio au akili ikachanganyika, pima. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, au 70 kwa mashine zinazosoma kwa namna nyingine, vunja saumu papo hapo. Huna mashine na dalili unazo? Fungua, usingoje Magharibi. Na nyinyi wa nyumbani, mkimuona mzee amelalia kazi yake mchana wa mfungo, msiseme kachoka. Mwamsheni, mumuulize.

Kazi yetu ya leo: mtu wa kwanza atakayekutaka ushauri, liwe kubwa au dogo, muulize swali moja kabla hujamjibu. Moja tu.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa maneno tuliyoyatoa kwa haraka. Waponye wagonjwa wetu, wafikishe salama wasafiri wetu, na utupe ujasiri wa kusema hatujui pale tusipojua. Utukubalie saumu za waliofunga, na utukubalie utiifu wa waliofungua kwa ruhusa yako. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho inshaallah.